Vitamini D na Unene wa Mabinti: Kipi Humtangulia Mwenzake?

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada na wenzao wa Marekani walichapisha vipimo vya wasichana 90 wa California, wenye umri wa miaka 16 hadi 22. California ina jua la kutosha, lakini asilimia 59 ya wasichana hao walikuwa na upungufu wa vitamini D, na kadiri binti alivyokuwa na mafuta mengi mwilini, ndivyo vitamini hiyo ilivyokuwa kidogo katika damu yake. Ni rahisi kwa muuza vidonge kuyachukua matokeo hayo na kuwatangazia mabinti kwamba wakimeza vitamini D watapungua. Tangazo la namna hiyo linapindua ukweli: unene ndio unaoshusha vitamini D.

Vitamini D huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ngozi ikishaitengeneza kwa mwanga wa jua, sehemu yake huingia kwenye mafuta ya mwili na kubaki humo. Kijiko kimoja cha sukari kinachokoleza kikombe cha chai hakiwezi kukoleza sufuria nzima; ndivyo ilivyo kwa vitamini inayosambaa katika mwili mkubwa. Huenda mtu akasema kwamba wanene hukosa vitamini hii kwa sababu tu hukaa ndani na kulikwepa jua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 linajibu. Watu wanene na wasio wanene waliangaziwa mwanga uleule, na ngozi za makundi yote mawili zilikuwa na uwezo sawa wa kutengeneza vitamini. Hata hivyo, ongezeko katika damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda mambo yanakwenda pande zote mbili, upungufu nao ukaleta unene. Mwaka 2013 suala hilo lilichunguzwa kwa njia ya vinasaba vya watu zaidi ya 42,000. Waliorithi mwelekeo wa kunenepa walikuwa na vitamini D kidogo, lakini waliorithi mwelekeo wa kuwa na vitamini D kidogo hawakuonekana kunenepa kwa sababu hiyo. Kama upungufu ungekuwa chanzo cha unene, kundi hili la pili lingeonyesha dalili.

Kwetu Tanzania, utafiti wa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao, ukakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango ambacho wakazi wengi wa mijini duniani hawakifikii. Mtu wa Nyololo, wilayani Mufindi, anaweza kuuliza kama hayo yanamhusu yeye anayeishi kwenye baridi na ukungu, akiwa ndani ya sweta mwezi Juni na Julai. Yanamhusu. Nyololo haifiki nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na miinuko huongeza makali ya mionzi. Binti anayepalilia mahindi au kuchuma chai hupata jua la mchana usoni na mikononi, huku mwili wake ukifanya kazi. Akienda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, au akipata ajira ya dukani Mbeya, hupoteza jua na jembe kwa pamoja, na chipsi huwa karibu kuliko shamba. Haishangazi kwamba wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi walipanda kutoka asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi 28 mwaka 2015/16.

Je, vidonge havina kazi? Vinayo, lakini ni kazi ya mifupa. Binti aliyepimwa akakutwa na upungufu anavihitaji, na aliye mnene sana huweza kuhitaji dozi mara mbili hadi tatu ya ile ya kawaida. Dozi hiyo ipangwe na daktari, kwa kuwa ikizidi hupandisha kalisiamu katika damu na kuumiza figo. Anayetaka kupungua aanze na chakula na mwendo, na mwendo huo aufanyie nje, mchana. Fedha ya kununua vidonge vya kupunguza unene ni afadhali ikanunue maharage na mboga za majani.