Kazi Isiyofungwa na Mahali: Asili Yake na Gharama Yake

Niliporudi Mombasa na masanduku mawili na kompyuta mpakato, baada ya kuiacha London kazi ya uhasibu iliyokuwa ikinilipa takriban mara mbili ya hii niifanyayo sasa, jirani mmoja mwenye nia njema alimwita mama yangu kando, akamwuliza kwa sauti ya chini kama nimerudishwa. Swali lile halikuniudhi, kwa kuwa kwetu msafiri hurudi kwa likizo, kwa msiba, au kwa kushindwa. Ama yule arudiye kwa khiari yake, riziki yake ingali mkononi, hakuwa bado amepata jina.

Fikira ya kufanya kazi mbali na ofisi si changa. Mwaka 1973, Marekani ilipokuwa ikitaabishwa na uhaba wa mafuta na misururu ya magari, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa shauri la kuipeleka kazi kwa mfanyakazi badala ya kumpeleka mfanyakazi kazini. Na mwaka 1997 Tsugio Makimoto na David Manners walitoa kitabu kilichobashiri kwamba vyombo vidogo vya mawasiliano vitamrejesha binadamu katika uhamaji. Maradhi ya Korona ya mwaka 2020 yakawalazimisha waajiri kukubali walichokuwa wakikikataa, na kabla mwaka haujaisha Barbados na Estonia zilikuwa zimeanza kutoa viza kwa wageni watakao kuishi huko huku wakiwafanyia kazi waajiri wa mbali.

Lakini kwetu sisi wa pwani mlango ulifunguliwa na jambo jingine. Hadi mwaka 2009 mawasiliano ya Afrika Mashariki na dunia yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kuchosha. Mwaka huo mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah huko Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na ule wa SEACOM ukafika Mombasa na Dar es Salaam. Kila niitazamapo ramani ya mkongo ule wa Fujairah hunijia fikira ya majahazi ya Ghuba, yaliyoteremka kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, na mabaharia wake waliokuwa na maisha katika bandari mbili bila ya mtu kuwauliza kama wamefukuzwa katika mojawapo.

Niliyoyanunua kwa nusu ya mshahara wangu ni saa. Wakati wa baridi, saa tatu ya asubuhi ya London, wenzangu waanzapo kazi, ni saa sita ya mchana Mombasa. Kwa hiyo asubuhi yote ni yangu. Huketi na mama barazani, sahani ya mahamri na mbaazi baina yetu, naye hunisomea majina ya dawa zake kutoka katika vichupa ili nihakikishe kwamba hakukosea. Kwa miaka tisa dawa hizo nilizijua kwa bei tu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikituma fedha za kuzinunulia. Hufunga kazi saa mbili ya usiku, wenzangu wanapokwenda zao, na simwonei wivu hata mmoja wao.

Haya yote, hata hivyo, yamesimama juu ya karatasi, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mwenye viza ya kazi ya H-1B akiachana na mwajiri wake Marekani hupewa aghalabu siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Mwenye ukaazi wa kudumu Uingereza huweza kuupoteza akikaa nje miaka 2 mfululizo. Mimi nilingoja mpaka nikapata uraia wa Uingereza, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaniruhusu kubaki Mkenya; ndugu zetu wa Tanzania hawana ruhusa hiyo ya uraia wa nchi mbili. Kisha kuna kodi: Kenya humhesabu kuwa mkaazi mtu aliyekaa nchini siku 183 katika mwaka, na mwenye makao ya kudumu nchini huhesabiwa hata kwa muda mfupi kuliko huo.

Mzigo mzito kuliko yote ni fedha za nyumbani. Mshahara wa mtu wa ughaibuni si wake peke yake. Ndani yake mna karo ya mpwa, kodi ya nyumba ya shangazi, na sanda ya asiyejulikana bado. Nilipoupunguza wangu nilizipunguza na fedha zao, na mpwa wangu mmoja alihamishwa kutoka shule ya bweni hadi ya kutwa kwa sababu yangu. Naiona khiari yangu kuwa ya haki, lakini nilikosa kwa kuwapa habari baada ya kukwisha kuandika barua ya kujiuzulu.

Basi wewe uliye ughaibuni nawe watamani njia hii, itazame kwanza tarehe iliyoandikwa katika hati yako ya ukaazi, kisha wapigie simu wanaokutegemea, mmoja mmoja, kabla hujamwambia mwajiri neno lolote.