Matairi Membamba ya Kaka

Kaka yangu ana Mustang ya mwaka 1990 anayoipenda kuliko usingizi. Aliinunua ikiwa haiwaki, akaifufua mwenyewe hapa nyumbani Columbus, Ohio, Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka miwili. Kiangazi kilichopita aliifunga matairi mapya ya mbele. Nilipoyaona nilicheka. Nyuma kulikuwa na matairi mapana kama magogo, na mbele vimatairi vyembamba kama vya pikipiki. Nikamwambia gari lake limevaa buti nyuma na ndala mbele.

"Mdogo wangu, hujui kitu," akanijibu. "Hayo ndiyo ya mbio."

Alisema kweli, sikujua kitu. Sasa najua kidogo, na nilivyojua si kwa njia nzuri. Ndiyo sababu naandika makala hii, kwa kuwa wengi wetu chamani tunaendesha magari ya zamani, na wengine wana ndugu kama kaka yangu.

Yanatoka wapi

Mbio zenyewe ni zile za kunyooka, hazina kona. Magari mawili husimama bega kwa bega, taa ya kijani ikiwaka yanafyatuka, na anayetangulia kumaliza robo maili, yaani mita 402, ndiye mshindi. Mchezo huu ulikua sana Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa California, vijana wakishindana barabarani na kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali salama pa kushindana. Tushike jambo hilo, nitalirudia.

Katika mbio hizo, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama Mustang, kazi kubwa hufanywa nyuma. Gari likiondoka kwa nguvu, uzito hurudi nyuma na pua huinuka. Matairi ya mbele yanabaki na kazi ya kuelekeza tu. Basi wenye mbio huyapunguza. Tairi jembamba ni jepesi, halikamati upepo mwingi, na huviringika bila kuvutwa sana na lami. Tena uzito wa gurudumu hulipiwa mara mbili, kwa sababu injini inalisogeza mbele pamoja na gari na wakati huohuo inalizungusha.

Tulipima kwa mizani ya bafuni. Gurudumu la zamani, rimu na tairi lake, lilikuwa kilo 19. Jipya lilikuwa kilo 12. Kaka alifurahi kama aliyeokota pesa.

Baba na kashata

Baba alikuwa fundi wa magari Tanga kabla ya kuja huku, na sasa anaendesha lori. Siku ile alirudi kutoka safari, tukamwamkia, akaizunguka Mustang mara moja bila kusema neno. Kisha akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya tairi la mbele.

"Hili halina kashata," akasema.

Mimi kashata ninayoijua ni ya nazi, ile Mama anayoikata vipande wakati wa Idi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kwa mafundi, kashata ni vile vipande vya mpira vinavyosimama juu ya tairi, na mifereji iliyo kati yake ndiyo njia ya maji. Kashata zikiisha, tairi linaitwa kipara. Matairi ya kaka yalikuwa mapya kabisa, lakini yalikuwa na mistari michache tu isiyo na kina. Yalizaliwa na kipara.

Ubavuni kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba ni ya mashindano tu, si ya barabarani. Baba aliyasoma mara mbili, akamtazama kaka. "Mwanangu, tairi limekwambia lenyewe."

"Naam, Baba. Nitayatumia siku za jua tu."

Baba hakubishana naye. Nadhani mpaka leo analijutia hilo.

Siku ya mvua

Bibi alikuwa amekuja kututembelea. Siku moja mwezi wa tisa alikuwa na miadi ya macho, na gari la Mama lilikataa kuwaka. Kaka akasema twende na Mustang. Kulikuwa na jua. Bibi alikaa mbele, mimi nyuma.

Wakati wa kurudi ikaanza manyunyu. Haikuwa mvua ya kutisha, ni ile inayolowesha lami tu na kuifanya ing'ae. Tulikuwa katika mwendo wa maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Taa mbele yetu ikageuka njano, kisha nyekundu. Kaka akakanyaga breki.

Mustang za miaka ile hazina mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande. Yale ya mbele yaligoma kuzunguka papo hapo, na gari likaendelea kuteleza kama sabuni. Kaka alikata usukani lakini gari halikugeuka, likaenda moja kwa moja. Tulipita mstari wa kusimama, tukakwama katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu. Baba mmoja aliyekuwa amemshika mtoto mkono alimvuta nyuma kwa nguvu. Tulitazamana naye kupitia kioo. Hakutukana, na afadhali angetukana.

Hakuna aliyeumia. Bibi alisema "Alhamdulillahi," akanyamaza. Tulipokaribia nyumbani akasema polepole, "Mjukuu wangu, gari lako lina macho lakini halina miguu."

Kwa nini liliteleza

Usiku ule kaka hakula. Mimi nilichukua daftari la fizikia.

Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Ndiyo maana katika magari mengi breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, mara nyingi karibu asilimia 70. Kwa hiyo magurudumu yanayopumzika kwenye mbio ndiyo yanayobeba mzigo barabarani. Tumempunguza mfanyakazi hodari kuliko wote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari linakwenda maili 60 kwa saa. Matairi yakishika lami kwa kiwango cha 0.9, gari litasimama ndani ya mita 41 hivi. Kiwango kikishuka hadi 0.7, litahitaji mita 52. Tofauti ni mita 11 na zaidi, yaani urefu wa magari mawili. Hapo ni lami kavu.

Upana peke yake si kila kitu, na hapa niseme haki. Kwenye maji yaliyotuama, tairi jembamba lenye kashata nzuri huweza kuyapasua maji vizuri kuliko pana. Volkswagen za zamani zilikuwa na matairi membamba na zilitembea dunia nzima, lakini zilikuwa nyepesi na matairi yake yaliundwa kwa barabara. Tatizo la matairi ya kaka lilikuwa mkusanyiko wa mambo: upana mdogo, mifereji michache, na kuta laini zisizopenda kona wala mashimo. Na sisi wa Ohio tunajua mashimo yanayoachwa na majira ya baridi.

Tena uwanjani mvua ikinyesha, mbio husimamishwa. Barabarani mvua ikinyesha, sisi tunawasha waipa na kuendelea.

Wapo watakaosema kwamba yako matairi membamba ya mbele yaliyoidhinishwa kwa barabara, yenye alama ya DOT ubavuni. Ni kweli, na ni afadhali kuliko ya mbio tupu. Bado ni membamba kuliko yale gari lilivyotoka nayo kiwandani, na breki zitayaomba kitu ambacho huenda hayana. Ohio haina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza. Hukumu inabaki mikononi mwa dereva.

Tulivyomaliza

Hatukuyatupa. Asubuhi yake Baba alileta jeki, tukarudisha matairi ya kawaida. Siku hizi kaka akienda kwenye uwanja wa National Trail huko Hebron, hupakia yale membamba ndani ya gari na kuyafunga akifika. Kila gurudumu lina nati nne, na sasa mimi ndiye nakaza, kwa mtindo wa msalaba kama Baba alivyonifundisha. Mbio zikiisha tunabadilisha tena kabla ya kutoka getini. Hivyo ndivyo lile wazo la 1951 lilivyokusudia, cha uwanjani kibaki uwanjani.

Nanyi wenzangu wenye magari, fanyeni mambo matatu wiki hii. Someni maandishi ya ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Chomekeni senti moja kwenye mfereji, kichwa cha Lincoln kikitangulia. Nywele zake zikionekana zote, kashata zimekwisha. Na pimeni upepo kabla gari halijapata moto.

Siku mbili kabla ya kurudi Tanga, Bibi aliomba apelekwe sokoni kwa Mustang. Kaka alishangaa, akakimbilia funguo. Alipotoka alimkuta Bibi ameinama mbele ya gari, akipitisha kidole gumba juu ya tairi.

"Kashata zipo," akasema, akafungua mlango akaingia.