Mlonge Unapandisha Kinga Gani?

Pita Mbagala Rangi Tatu jioni, au Tegeta kwa Ndevu, utakuta unga wa mlonge umefungwa kwenye vipakiti huku kipaza sauti kikirudia kwamba unaongeza nguvu, unashusha sukari na kupandisha kinga. Ya nguvu na sukari tuyaache leo. Hili la kinga lina mambo.

Kinga ya mwili si kitu kimoja. Zipo seli nyeupe zinazomeza vijidudu, wataalamu huziita makrofeji. Zipo za CD4, zinazoongoza seli nyingine na ndizo VVU huzivamia. Makrofeji ikimgundua adui humwaga kemikali za kuita msaada, na hapo ndipo homa na uvimbe hutokea. Kemikali hizo zikizidi, mwili hujiumiza wenyewe. Kwa hiyo anayesema dawa yake “inapandisha kinga” aulizwe: seli zipi?

Katika maabara za nchi mbalimbali, makrofeji za panya zimechokozwa kwa sumu ya ganda la bakteria, kisha zikawekewa maji yaliyochujwa kutoka kwenye majani ya mlonge. Mara nyingi zilitulia, zikatoa kemikali chache za uvimbe. Jani linalosifiwa barabarani kwa kuchochea, maabara linapoza! Kwa mwenye maradhi ya uvimbe hiyo ni habari ya kufuatilia, ila siyo inayotangazwa stendi.

Kuna mtego pia. Sumu hiyohiyo ya bakteria inaweza kuwa kwenye majani yaliyoanikwa juu ya gunia kando ya barabara, na kuyachemsha hakuiondoi. Seli zikiguswa na majani hayo zitaamka kweli, na mtafiti asiye makini ataandika kwamba mmea unachochea kinga, kumbe ni uchafu.

Huko Kano, Nigeria, watafiti walitoka kwenye seli za maabara wakaenda kwa binadamu. Watu wazima wanaoishi na VVU, wote wakiwa kwenye ARV, yaani vidonge vya kudhibiti virusi hivyo, waligawanywa: baadhi wakapewa unga wa majani ya mlonge kwa miezi sita, wengine unga usio na mlonge. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha CD4 za waliotumia mlonge zikipanda zaidi. Wingi wa virusi mwilini haukutofautiana. Mlonge ni mboga yenye lishe, huenda ulisaidia kwa njia hiyo. Kazi ya kuvidhibiti virusi ilibaki kwa vidonge.

Nasisitiza kwa sababu tunakumbuka Loliondo, 2011. Maelfu walifuata kikombe cha dawa ya mitishamba cha mzee aliyeitwa Babu kijijini Samunge kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV.

Muhimbili wana taasisi inayochunguza mimea yetu tangu 1974, na sheria ya 2002 ilituletea Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji na aulizwe usajili wake. Nawe unayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kula mlonge wako kama mboga, mweleze mhudumu wako kila unachokunywa, na usiruke kidonge hata siku moja.