Vidonge vya Majira na Chunusi za Uso

Likizo iliyopita nilikwenda Gasorwe, katika Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, kumwamkia kaka yangu. Wasomaji wengi hawapajui. Ni nchi ya vilima na migomba, na mwaka 2002 ilifunguliwa huko kambi ya wakimbizi waliotoka Kongo, wengi wao watu wa Kivu ya Kusini, kwa hiyo ukipita sokoni utasikia Kiswahili kando ya Kirundi.

Siku ya pili, jioni, binti wa kaka yangu alinijia na pakiti tupu ya vidonge mkononi. Ana umri wa miaka 19. "Baba mdogo," akasema, "wewe ni mtu wa hospitali. Nivinywe hivi mpaka lini?" Nilivitazama nikaona ni vidonge vya majira, vile wanavyopewa wanawake wanaopanga uzazi. Kumbe mama yake alikuwa amekwisha kuviona chini ya godoro, na nyumba nzima ilikuwa na kelele kwa siku tatu. Hakuna aliyemwuliza mtoto avinywea nini. Alivinywa kwa sababu ya chunusi. Rafiki yake alimwambia kwamba vinasafisha uso, naye akavinunua dukani mwezi baada ya mwezi kwa miaka miwili, bila mtu yeyote kumpima.

Rafiki yule hakusema uongo. Tangu nilipotoka shule yetu kazi yangu ni uuguzi, na swali hili naulizwa mara nyingi, basi nalieleza hapa.

Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo mna tezi ndogo zitoazo mafuta. Mafuta hayo hupanda juu kwa kupitia kinyweleo. Mtoto anapobalehe, mwili wake huanza kutoa kwa wingi homoni ziitwazo androjeni, nazo huziamuru tezi zile zifanye kazi zaidi. Mafuta yakizidi, na ngozi iliyokufa ikiziba mlango wa kinyweleo, vijidudu hustawi humo ndani na mahali huvimba. Hiyo ndiyo chunusi. Haitokani na uchafu, wala haiponi kwa kusugua uso mara kumi kwa siku, kusugua huizidisha. Wasichana nao wana androjeni, ila ni kidogo kuliko za wavulana.

Vidonge vya majira vya aina ya kawaida vimechanganywa homoni mbili, estrojeni na projestini. Vikiingia mwilini, mayai ya uzazi hulala, na androjeni zitokazo huko hupungua. Tena estrojeni huliamsha ini litoe protini ambayo huzikamata androjeni zilizo katika damu, kama askari akamatavyo wazururaji, hata zisiweze kuzifikia tezi za mafuta. Tezi hupoa, uso hukauka. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 31 yaliyofanywa juu ya jambo hili, wakaona kweli vidonge hivi hupunguza chunusi, na kwamba tofauti kati ya aina moja na nyingine ni ndogo kuliko wauzaji wasemavyo. Lakini yataka subira: miezi mitatu ya kwanza huenda usione kitu.

Wavulana wasije wakajaribu. Estrojeni humwotesha mwanamume matiti.

Sasa, mpaka lini? Hapa ndipo penye taabu. Vidonge haviponyi chunusi, huzizuia tu. Tezi zipo palepale, na siku utakapoacha, androjeni zitarudi kazini na mara nyingi chunusi nazo zitarudi. Ndiyo sababu watu huvinywa kwa miaka. Wengi hudhani kwamba miaka hiyo huharibu kizazi. Si kweli, mwanamke akiacha huweza kushika mimba kama kawaida. Saratani ya matiti huongezeka kidogo wakati wa kuvitumia, ila saratani ya mayai ya uzazi na ya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi hupungua.

Hatari ya kuogopwa zaidi ni damu kuganda ndani ya mshipa. Huanza mguuni, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kisha pande la damu likapanda mpaka mapafuni. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, kwa mwaka mmoja wapatao jambo hili ni kati ya 1 na 5. Kwa wanaotumia ni kati ya 3 na 9. Kwa wenye mimba idadi ni kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo si jambo la kila siku, lakini lipo. Na hatari hii ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo, si mwishoni. Nimesikia akina mama wakiwashauri binti zao "waupumzishe mwili" miezi miwili kisha waanze tena. Shauri hilo lina nia njema, lakini kila ukiacha kwa zaidi ya mwezi na kuanza upya, unairudia ile hatari ya mwanzo.

Ufaransa waliyaona mambo haya. Kidonge kiitwacho Diane 35 kiliruhusiwa huko mwaka 1987 kwa ajili ya chunusi tu, lakini madaktari wakawa wanakitoa ovyo kwa kuzuia mimba. Mwaka 2013 serikali ilitangaza vifo 4 vilivyotokana nacho kwa kugandisha damu, ikakisimamisha. Wakuu wa dawa wa Ulaya wakachunguza, wakasema kitumike kwa chunusi kali pale ambapo dawa za kupaka na za kuua vijidudu zimeshindwa, nacho kikarudi madukani mwaka 2014.

Jambo jingine hunikera kazini. Msichana husikia kwamba "dawa ya majira" husafisha uso, akaenda kuomba sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi, kwa kuwa ndizo zipatikanazo kwa urahisi. Hizo zina projestini peke yake, hazina estrojeni, na kwa wengine huzidisha chunusi badala ya kuzipunguza. Na aliye katika dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini ajue kwamba huipunguzia vidonge nguvu yake.

Nilimwuliza yule binti maswali ambayo alipaswa kuulizwa miaka miwili nyuma. Havuti sigara. Hakuna aliyepata kugandwa na damu katika ukoo wetu. Lakini nilipomwuliza habari ya kichwa akasema, "Kinaniuma upande mmoja, baba mdogo. Kwanza naona kama vimulimuli vinacheza machoni, halafu kinapasuka." Hicho ni kipandauso chenye dalili za macho, na mtu wa namna hiyo hatakiwi kabisa kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa maana vyaweza kumletea kiharusi, hata akiwa kijana. Vivyo hivyo mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na mvutaji sigara aliyepita miaka 35.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya, mama yake naye akafuatana nasi, kimya njia nzima. Shinikizo la damu lilikuwa jema. Vidonge vikasimamishwa siku ileile. Akapewa dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksidi, ambayo haiingilii homoni, na muuguzi akamwambia aache yale mafuta ya kung'arisha ngozi aliyokuwa akipaka juu yake, maana mengi yana dawa za steroidi, nazo huzaa chunusi zenyewe.

Ameniandikia mwezi uliopita. Kipandauso kimemjia mara moja tu tangu wakati ule, bila vimulimuli. Chunusi zimerudi kidogo kidevuni, naye anaendelea kupaka dawa kila usiku. Mama yake ndiye amkumbushaye.