Kuirudisha Sokoni Bidhaa Iliyosahaulika

Bidhaa inapoacha kununuliwa, mwenye kiwanda hudhani kwanza kwamba bei imekuwa kubwa au matangazo yamepungua, na kwa hiyo hushusha bei na kutangaza zaidi kwa watu walewale ambao wamekwisha kuiacha. Mara nyingi hatua hiyo hula mtaji bila kuleta mnunuzi mpya, kwa kuwa bidhaa nyingi zilizosahaulika zina ubora uleule wa zamani, ila kazi zilizokuwa zikifanywa kwazo zimepungua au zimekoma kabisa. Anayetaka kuifufua bidhaa ya namna hiyo hana budi kuchunguza ni kazi gani nyingine inayoweza kufanywa na bidhaa hiyohiyo, na ni nani mwenye haja nayo.

Njia ya kwanza ni kuipa bidhaa kazi mpya, na mfano wake ulio wazi kuliko yote unapatikana Marekani, katika historia ya soda ya kuokea yenye nembo ya Arm & Hammer, inayotengenezwa na kampuni ya Church & Dwight. Unga huo mweupe, ambao kwa lugha ya kemia ni baikaboneti ya sodiamu, ni jamaa wa karibu wa magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, na tangu karne ya 19 ulitumiwa na wanawake wa Marekani kuumulia mikate na keki. Katika karne ya 20 wanawake wengi zaidi waliingia katika ajira, mikate ya dukani ikaenea, na unga uliochanganywa tayari na viungo vyote ukapatikana kwa urahisi, hata uokaji wa nyumbani ukapungua mwaka hadi mwaka. Boksi moja la soda liliweza kukaa kabatini muda mrefu bila kwisha, na mwenye boksi lisilokwisha hana sababu ya kwenda dukani.

Mwaka 1972 kampuni hiyo ilianza kuwatangazia watu kwamba boksi lililofunguliwa likiwekwa ndani ya jokofu huondoa harufu mbaya, jambo ambalo lina msingi wa kisayansi, kwa kuwa baikaboneti huitikia asidi zilizomo katika harufu nyingi za vyakula na kuzizimua. Katika muda wa miaka michache desturi hiyo ilienea katika sehemu kubwa ya nyumba za nchi hiyo. Busara ya mkakati huo inastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, karibu kila nyumba ilikuwa na jokofu, kwa hiyo hata asiyeoka kamwe aligeuka kuwa mteja. Pili, wengi walikwisha kuijua nembo na kuiamini, hivyo kampuni haikulazimika kujitambulisha upya. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, soda iliyowekwa katika jokofu huhitaji kubadilishwa baada ya muda, na matangazo yaliyofuata yaliwashauri watu wamwage ile ya zamani katika sinki ili kuondoa harufu ya bomba. Kwa ushauri huo boksi lilipata mwisho, na mteja akapata sababu ya kurudi dukani. Baadaye kampuni iliitia soda hiyo katika dawa ya meno na bidhaa nyingine za usafi.

Njia ya pili ni kumbadilisha mlengwa. Lucozade, kinywaji cha glukosi kilichobuniwa mwaka 1927 na mfamasia wa mji wa Newcastle nchini Uingereza, kiliuzwa kwa miongo mingi kama kinywaji cha wagonjwa, na kwa sababu hiyo kilinunuliwa pale tu mtu alipougua. Mwaka 1983 wenye kampuni walianza kukitangaza kuwa kinarudisha nguvu zilizopotea, wakamtumia mwanariadha Daley Thompson, bingwa wa Olimpiki katika mashindano ya michezo kumi. Mauzo yake nchini Uingereza yaliongezeka mara tatu kati ya 1984 na 1989. Wataalamu wa masoko huiita hatua hii kuipa bidhaa nafasi mpya, yaani kubadilisha picha iliyomo akilini mwa mnunuzi ilhali kilichomo ndani ya chupa hakijabadilika sana.

Njia zote mbili huhukumiwa kwa kipimo kimoja, nacho ni gharama ya kumpata mteja, ambayo ni jumla ya fedha zilizotumika kutangaza na kuuza, ikigawanywa kwa idadi ya wateja wapya waliopatikana. Gharama hiyo ikizidi faida ambayo mteja mmoja ataleta kwa muda wote atakaoendelea kununua, ufufuaji huo ni hasara hata kama mauzo yanapanda. Ndiyo maana ni vyema kuanza na wateja wachache waliosalia, kuwauliza wanaitumiaje bidhaa hiyo, kwa kuwa mara nyingi wao huwa wamegundua matumizi ambayo kiwanda hakikuyafikiria.

Tanzania inayo bidhaa inayohitaji maarifa haya. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, lakini kamba za plastiki zilipoenea duniani soko la singa, yaani nyuzi za mkonge, lilianguka, na matatizo ya usimamizi wa mashamba yakaongeza anguko hilo. Singa ni sehemu ndogo sana ya jani, nayo mabaki kwa miaka mingi yalitupwa, mpaka mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki hayo ulipojengwa Hale, mkoani Tanga. Mteja mpya wa singa zenyewe yu karibu zaidi: fundi wa dari za jasi, ambaye huchanganya singa na jasi ili dari isipasuke, na ambaye kazi yake inakua kadiri miji inavyojengwa. Wazalishaji wa mkonge wamfuate fundi huyo kazini, wajue anataka singa za urefu gani na kwa vifungu vya uzito gani, kisha wamuuzie hivyo kabla ya kutafuta wanunuzi wa ng'ambo.