Kabla Ng'ombe Hawajatoka Zizini

Mkoani Singida posa ni hesabu. Mshenga akishapokelewa, wazee hukaa wakataja ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi na shuka za mama, na siku hizi mengi ya hayo hugeuzwa fedha taslimu. Watu huvutana hadi jioni kwa ajili ya mtamba mmoja. Katika orodha hiyo ndefu sijawahi kusikia mzee akiuliza jambo ambalo bei yake haifiki hata mbuzi: je, hawa wawili wamepimwa selimundu?

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kati ya Watanzania 100, watu 13 hadi 20 hubeba kinasaba chake bila kuumwa. Mbebaji analima alizeti yake, anacheza mpira, anazeeka. Shida huja wabebaji wawili wanapooana: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu wapo wanaodhani mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Kinasaba hiki kilishamiri palipokuwa na malaria kali, ndiyo maana Kanda ya Ziwa na Pwani zimeathirika sana. Ukame wa Singida haumlindi kijana wa Iramba aliyempata mchumba chuoni Mwanza.

Sasa tuje kwenye bei. Kipimo cha zamani cha maabara, kile cha kuangalia kama chembe za damu zinapinda, ndicho rahisi kuliko vyote. Kasoro yake ni kubwa: kinaonyesha kwamba kinasaba kipo, lakini hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini ndicho kinachotoa jibu kamili la herufi mbili: AA (mzima), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Hiki hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na kama uko Mkalama au Manyoni huenda wewe au sampuli yako mkasafiri. Katikati ya viwili hivyo kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu ya kidole. Hutoa herufi hizo kwa dakika chache, na kiwandani huuzwa dola chache tu kimoja. Uliza kwanza kama hospitali yako inavyo kabla ya kulipia kingine. Hata ukiangukia kile cha ghali, kwa watu wawili mnazungumzia bei ya kuku kadhaa wa kienyeji, wale wale wanaopandishwa basi kwenda Dar es Salaam kila siku.

Upande wa pili wa mizani uko mtoto mwenye SS. Dawa za kila siku za kumkinga na maambukizi akiwa mdogo, foliki asidi, kisha haidroksiyurea, ambayo utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulithibitisha mwaka 2018 kwamba ni salama kwa watoto wa Afrika na hupunguza maumivu, malaria na vifo. Kuna kulazwa, kuongezewa damu na kutafuta ndugu wa kuchangia. Kuna nauli ya kwenda Dodoma, kilomita 240 hivi kutoka Singida mjini, na mama kuacha shamba wakati wa palizi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Ni tiba inayoponya, lakini gharama yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na huhitaji mchangiaji wa kulingana, kwa kawaida ndugu wa tumbo moja. Zizi zima la ng'ombe haliifikii bila msaada wa serikali au wafadhili.

Kwa hesabu hiyo kila mtu angepima kesho. Ila kipimo kina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Saudi Arabia ililazimisha upimaji kabla ya ndoa mwaka 2004, ikiwaachia wachumba uamuzi wa mwisho. Mwaka huo waliokutwa na hatari wakavunja uchumba hawakufika mmoja kati ya kumi. Kufikia 2009 walizidi nusu. Huko ni mafanikio kwa wizara. Kwetu najiuliza ni nani atakayebaki na jina baya kijijini baada ya uchumba kuvunjika, na jibu nalijua: binti. Mvulana ataambiwa atafute mwingine. Binti ataitwa mwenye damu mbaya, ingawa ilihitajika damu ya wote wawili. Ndiyo maana ningeshauri vijana wapime wenyewe, mapema, kabla mshenga hajatumwa, na majibu yabaki mikononi mwao.

Jambo lingine hufichuka. Mtoto akiwa SS na baba akiwa AA, yaani hana S ya kumrithisha, mtu hukimbilia kumtuhumu mke. Kwanza rudieni kipimo, maana maabara hukosea, na kile cha bei rahisi kinajulikana kwa kuchanganya. Wakibaki na shaka, vinasaba hupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Hakuna haja ya kumrudisha mtu kwao kwa karatasi ya zahanati.

Wapo wanaouliza kuhusu kumpima mtoto akiwa tumboni. Kitaalamu inawezekana tangu wiki ya 11 hivi, lakini lazima ujue utafanya nini na jibu. Kanuni ya Adhabu inaruhusu mimba kutolewa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu. Kwa wanandoa wengi wa Singida fedha ya kipimo hicho hununua miezi sita ya wasiwasi. Fedha hiyo hiyo ikitumika kumpima mtoto akishazaliwa, hununua matibabu yanayoanza kabla homa ya kwanza haijamuua.

Ajabu ni kwamba kipimo tunachokikimbilia bila kusukumwa ni altrasaundi, na swali la kwanza si kondo la nyuma limekaaje. Ni "wa kiume au wa kike?" Kuanzia wiki ya 18 au 20 mpimaji anaweza kuona, na pengine kukosea. Kwa usalama wa mama kipimo hiki kina thamani kubwa, na Shirika la Afya Duniani hushauri kifanyike mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa swali la jinsia hakikupi kitu ambacho leba haitakupa bure.

Baada yake huja wauza dawa za kupata mtoto wa kiume. Hii ndiyo biashara bora kuliko zote mkoani: wateja kumi wakinywa maji ya kisima, watano hivi watazaa wavulana. Muuzaji anaweza hata kurudisha fedha za waliokosa na bado akafunga hesabu kwa faida. Njia pekee ya uhakika ni kutungisha mimba maabara na kuchagua kiinitete, na huko Marekani gharama hupita dola 20,000. Anayeweza kuchagua jinsia kwa njia hiyo anaweza pia kukataa ualbino, na hapo sitaki kumsikia akisema ni suala la afya.

India walianza na bei ndogo. Miaka ya 1980 kliniki za kupima jinsia ya mimba, ili za kike zitolewe, zilitangaza: lipa rupia 500 sasa, uokoe 50,000 baadaye, kwa kuwa kule mahari hutoka kwa wazazi wa binti. Sheria ya 1994 ya kukataza upimaji huo ilikuja kwa kuchelewa; sensa ya 2011 ilikuta wasichana 919 kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka saba. Singida ng'ombe huingia kwa wazazi wa binti, kwa hiyo kwa mantiki ya kliniki zile tungekuwa tunaomba wasichana. Hatuombi. Kinachotakiwa ni jina na shamba, na mwanamke aliyezaa mabinti wanne huletewa mke mwenza, ilhali mbegu ya baba ndiyo huamua jinsia.

Shamba lina dawa ya bei nafuu. Tamko la Sheria za Kimila la 1963 linamweka binti daraja la tatu katika urithi, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa jina la binti, na wosia ukahifadhiwa kwa wakala wa serikali, RITA, kwa ada isiyokaribia bei ya mke wa pili.

Ukienda kupima selimundu, usikubali jibu la "hana" au "anayo". Dai herufi mbili kwa maandishi. Taja kama uliongezewa damu miezi mitatu iliyopita, kwa sababu damu ya mwenzako hupotosha majibu. Na mtoto wa chini ya miezi sita asipimwe kwa kile kipimo cha kupinda chembe: bado ana himoglobini ya tumboni, na anaweza kuonekana mzima wakati si mzima.