Kwa nini bei ya mbegu za maboga makubwa hushuka mnadani

VYAMA vya wakuzaji wa maboga makubwa Marekani, Canada na Uingereza hutegemea minada ya mbegu kupata fedha za zawadi za mashindano. Wakulima huzitoa bila malipo, na nyingine huleta donge nono: mwaka 2016, boga la kilo 605 lilivunwa Uingereza kutokana na mbegu moja iliyonunuliwa kwa pauni 1,250.

Hata hivyo, bei hiyo haidumu. Boga moja huwa na mamia ya mbegu. Zikigawiwa vyama vingi, wanunuzi hawana haja ya kuzing’ang’ania. Isitoshe, rekodi ikivunjwa, ilivyotokea 2023 kwa boga la kilo 1,247 kutoka Minnesota, mbegu za bingwa wa awali husahaulika. Anayeumia si mkulima bali chama, ambacho hulazimika kupunguza zawadi au kusaka wafadhili.